Halijagonga wala Halijagongwa

9 Machi

Mwanangu Bi Cheche,

Salamu zimetangulia, nazo ni nyingi kuliko wino nilio nao. Huku sote wazima. Mama yako hayupo nyumbani, amekwenda kwa mama yako mkubwa, wanashona sare za shule, na atakaa huko wiki kadhaa. Ukiona kimya chake usiwe na wasiwasi.

Nakuandikia kuhusu gari. Usikasirike kwanza, soma mpaka chini. Nataka kuliuza.

Najua umelinunua juzi tu. Najua ulivyosota juu ya mabomba huko jangwani mpaka ukalipata. Siku niliyostaafu, uliponikabidhi ufunguo, nililia mbele ya madereva wenzangu, na hawajaacha kunitania mpaka leo. Lakini nimeendesha gari la wagonjwa miaka thelathini na minne, nimezoea injini inayonguruma mpaka meno yanacheza. Hili la umeme halisemi kitu. Mtaa mzima unaliita Bubu. Nikiliwasha sijui kama limewaka, nikilizima sijui kama limezimika. Siliwezi, mwanangu.

Kadi ya gari ina jina lako, kwa hiyo bila sahihi yako sina mamlaka ya kuuza hata kioo chake cha pembeni. Fomu ya kuhamisha umiliki nimeitia humu. Weka sahihi pale nilipotia alama ya penseli, uirudishe na gari la maji linalobeba barua zenu. Tafadhali usikae nayo.

Baba yako

10 Machi

Fundi wangu,

Kondakta wa basi la asubuhi ameniahidi kwamba bahasha hii itafika wodini kwako leo leo. Simu imenishinda. Jana umeniambia jambo mara tatu, mimi nasikia mh-mh-mh tu. King'ora kilikula masikio yangu kitambo.

Nimemwandikia mtoto. Nimedanganya kama ulivyoagiza, eti uko kwa dada yako mnashona sare. Kalamu ilikuwa nzito kama nondo.

Leo amekuja dalali kuliona gari. Ameliingiza rivasi kidogo, akaniita, akaninyooshea kidole kwenye kioo kidogo kilicho mbele. "Mzee, likirudi nyuma likaona mtu, linalia. Ti-ti-ti. Unasikia?" Sikusikia. Mlio wenyewe mwembamba kama wa kifaranga. Basi siku ile lililia, Fundi. Uzi ulikuponyoka ukabiringika nyuma ya gari, ukainama kuuokota, hukulisikia kwa kuwa halina injini. Lakini lilinililia mimi, na mimi nikaendelea kukanyaga. Miaka yote ile barabarani sijagonga hata kuku, nimekuja kumgonga mke wangu uani kwangu.

Nisamehe. Na uniandikie daktari wa mifupa amesema nini. Usinifiche hata kidogo.

Mumeo, Dereva

12 Machi

Mzee wa King'ora,

Umeniomba msamaha mara saba. Ukifika ya nane nitamwambia muuguzi akurudishie bahasha bila kuifungua. Nilikusamehe palepale chini, maana uso wako ulinitisha kuliko mguu wenyewe.

Haya, ya daktari. Mfupa wa paja umekatika na vipande vimepandana. Wamenining'inizia mawe mguuni, kamba inapita kwenye gurudumu dogo, na jirani yangu wa kitanda cha pili anasema nimekuwa kisima, amebaki kuja na ndoo tu. Lakini mawe ni ya kungojea. Dawa yenyewe ni kupasua na kutia chuma ndani ya mfupa, na chuma hakitiwi kwa ahadi. Wanataka milioni kumi na nane mezani kwanza.

Fedha ni tatizo moja, muda ni jingine. Wiki sita tangu siku ya kuumia, zikipita mfupa unashika ulivyolala, mguu unabaki mfupi, na kwa umri huu daktari hatauvunja upya. Nimehesabu mwenyewe, ni tarehe kumi na nne Aprili. Na ni mguu wa kulia. Nakanyaga cherehani kwa mguu gani, unajua wewe.

Kiinua mgongo chako kimeishia kwenye bati na dari, sina la kusema, bati nililitaka mimi. Limebaki gari. Cherehani usithubutu kuigusa.

Na mtoto asijue. Anashinda juu ya bomba, moto mkononi, barakoa usoni. Akiuwaza mguu wangu atajiunguza. Halafu lipo na la pili, sitalirudia: anakupenda wewe kuliko mimi, sote tunalijua, na sitaki aje akutazame usoni auone mguu wangu. Uza, nitibiwe, siku moja tutamsimulia huku tunacheka.

Mkeo

24 Machi

Baba!

Nimesoma mpaka chini kama ulivyosema, na nimekasirika vilevile.

Gari lina miezi kumi na minne tangu litoke kiwandani. Eti halingurumi! Watu wanatoa fedha zao ili gari lisingurume. Mimi nakujua, ni wale wazee wa kijiweni na Bubu yao. Waache wacheke, wao wanashinda wakisukuma magari yao yawake.

Jipya kabisa liliuzwa milioni hamsini na mbili. Mwenyewe akaliendesha miezi minane, akahamishwa kazi, nikalipata kwa arobaini, na niliona nimeokota dodo. Nimelifanyia kazi miaka mitatu, Baba. Hapa mchana chuma kinaunguza kabla sijakiwashia moto. Sasa ukiliuza kwa pupa madalali watakukamua mpaka tone la mwisho, na mimi niko huku, simu haishiki, siwezi kufanya lolote ila kuandika.

Kama ni lazima liuzwe, basi ni milioni thelathini na sita, isipungue hata senti. Tangazo nimekuandikia, wewe linakili tu: "Gari la umeme, kama jipya, mwenyewe ni dereva mstaafu, halijagonga wala halijagongwa." Bandika dukani, bandika na pale hospitali ulipokuwa ukifanya kazi.

Halafu ile fomu unayosema umeitia, haimo. Nimeikung'uta bahasha mpaka imechanika. Tuma nyingine, na wakati huohuo tafuta bei ya maana.

Mwambie Mama asishone mpaka macho yamuume.

Binti yako, Bi Cheche

28 Machi

Fundi wangu,

Barua ya mtoto imefika. Anataka thelathini na sita, na fomu anasema hakuiona. Nimepekua meza, nimeinua godoro, haipo. Nina hakika niliitia kwenye bahasha. Au sikuitia? Siku zile kichwa changu kilikuwa huko wodini.

Wateja wanakuja. Wa kwanza aliuliza, "Betri ikifa, inazikwa wapi?" akacheka mwenyewe akaenda zake. Wa pili alikaa ndani nusu saa anafungua na kufunga vioo. Wa tatu alikuwa mtu wa maana, mfamasia, fedha yake iko benki. Akalizunguka gari, akalala chini akalitazama tumbo, akasema thelathini na moja, na fomu ataingoja wiki mbili. Tukashikana mikono. Fundi, nilikuona unatembea.

Mkono wangu ukiwa bado mkononi mwake, akauliza tu kama mtu anayeuliza saa, "Halijawahi kugonga lakini, eh Mzee?"

Nikasema limegonga.

Dalali akanikanyaga kidole. Mfamasia akauliza limegonga nini, nikasema mtu. Akautoa mkono wake, akautia mfukoni, akaniambia atafikiria. Atafikiria nini? Amekwenda.

Sijui kwa nini nilisema. Ulimi ulifika kabla yangu.

Dereva

30 Machi

Dereva,

Hapana! Ungesema hapana! Neno moja, herufi sita! Nani alikuapisha? Umeona hakimu pale uani? Bampa halina hata mkwaruzo, kilichokwaruzika ni mimi, na mimi simo kwenye bei! Mfamasia angelala usingizi wake, gari lingemfikisha kazini kwake, na mimi ningepasuliwa wiki hii.

Na fomu hukuitia. Nakujua. Ungeweza kutia bahasha tupu na kuibusu juu.

Sahihi ya mtoto naijua, mstari mmoja na mkia wa mjusi. Chukua fomu nyingine, iweke mwenyewe. Ni mwanao, gari ni la kwenu, hakuna mtu anayeibiwa.

Siku ya ishirini na saba leo nimening'inia hapa. Mwenzangu wa kitanda cha pili ametiwa chuma juzi, leo amesimama akishika ukuta. Nimempongeza kisha nikajifunika shuka. Naogopa, Mzee. Nimeliandika, usinifanye nilirudie.

Mkeo

31 Machi

Mwanangu,

Fomu nyingine hii hapa. Safari hii nimeibandika kwa gundi kwenye barua yenyewe, ukiipata barua umeipata na fomu.

Thelathini na sita haipo tena. Wiki iliyopita kampuni imeleta la mwaka huu, linakwenda mbali zaidi kwa chaji moja, na bei yake dukani ni thelathini na saba. Jipya, lina karatasi za plastiki vitini! Nani atanipa mimi thelathini na sita? Dalali anasema magari haya sasa ni kama simu, ukishalitoa dukani tu mwenzake mdogo ameshazaliwa. Juzi lilikuwa thelathini na moja. Leo mtu wa juu kabisa kasema ishirini na nane. Limeegeshwa tu, haliendi popote, na linazidi kushuka. Naamka asubuhi nalitazama dirishani nakuta liko vilevile, linang'aa, na najua limeshapungua.

Tangazo nimelibandika ila neno la mwisho nimelikata. Sitaandika halijagonga.

Mwanangu, sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe. Tia sahihi. Sababu usiniulize.

Baba yako

4 Aprili

Fundi wangu,

Nimefanya uliloniagiza. Nimejifunza mkia wa mjusi nyuma ya kalenda ya mwaka jana, mara arobaini kama si hamsini, mpaka ukawa mjusi kweli. Nikapata mteja wa ishirini na sita, fundi wa mafriji, mtu mpole. Nilimwambia limegonga, akasema hata yeye amegonga. Tukaenda naye ofisi ya magari.

Karani akaitazama fomu, akatazama kompyuta, akaitazama tena. Akauliza kwa sauti, nikamsikia mpaka mimi: "Mzee, mwenye gari ana umri gani?" Nikamwambia ishirini na tisa. "Mbona anatetemeka?"

Watu kwenye foleni walicheka. Angeweza kuniitia polisi. Aliichana fomu vipande viwili, akanirudishia vipande, akaniambia nikanywe maji kivulini. Fundi wa mafriji akaniaga kwa adabu, kesho yake akanunua pikipiki.

Nilisimama nje na ufunguo mkononi. Gari ninalo, wateja ninao, mke ninaye, mtoto ninaye, na hakuna hata mmoja ninayeweza kumfanyia kitu. Nilikuwa nawasha king'ora malori yananipisha. Sasa karani mwenye kalamu ananitosha.

Zimebaki siku kumi. Huenda gari la maji la tarehe saba likarudi na fomu. Kula, tafadhali. Muuguzi ameniandikia kwamba huli.

Dereva

7 Aprili

Baba yangu kipenzi,

Usininunie. Fomu safari hii imefika, lakini gari la maji lina tundu na mfuko wa barua ulikuwa chini ya bomba. Imelowa, pale pa sahihi pamekwajuka, hakuna ofisi itakayoipokea. Tuma ya tatu.

Wala si hasara, maana ishirini na nane ni wizi. Nimemuuliza msimamizi wetu, anafuatilia mambo haya. Anasema mafuta yatapanda mwezi wa saba, na yakipanda watu watayakimbilia ya umeme, utaniambia. Lifunike turubai, lichaji mara moja kwa wiki, lisubiri. Lina haraka gani? Kuna nini huko kinachoharibika tukingoja?

Na hilo la kugonga limenichekesha. Yaani dereva wa king'ora kakwaruza nguzo ya geti, ndiyo maana anataka kuliuza! Sema kweli, Baba, limegonga nini? Bampa linanyooshwa. Hakuna atakayekusema, mimi nitawasema wao.

Mama mbona haandiki hata mistari miwili?

Bi Cheche

11 Aprili

Mwanangu,

Umeuliza limegonga nini. Limemgonga mama yako. Mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha.

Ilikuwa tarehe tatu Machi, uani kwetu, narudi nyuma. Hayuko kwa dada yake. Yuko hospitali ya mifupa, paja la kulia limevunjika. Tunangoja gari liuzwe apasuliwe atiwe chuma, wanataka milioni kumi na nane kwanza. Daktari alitupa mpaka tarehe kumi na nne. Zimebaki siku tatu.

Najua barua hii itakufikia tarehe ishirini na moja. Nimeihesabu njia yote. Naituma hivyo hivyo, sina jingine la kufanya.

Mama yako hajui kwamba nimekuandikia. Alinikataza, aliogopa utanichukia. Nichukie, mwanangu, una haki. Lakini tuma fomu. Hii ni ya tatu.

Baba yako

21 Aprili

Baba,

Fomu hii hapa, ina sahihi. Liuze leo. Liuze kwa bei yoyote, ya baiskeli, ya matairi yake matupu, mpe mtu bure akikupa kumi na nane.

Nilipanda gari la maji nije. Msimamizi akanishusha. Mchomeleaji mwenzangu anaumwa, bomba liko wazi, hakuna ruhusa mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Dereva wa maji ameiweka fomu ndani ya shati lake, ameniapia ataifikisha mwenyewe.

Sikuchukii. Siwezi kukuchukia. Mwambie Mama nakuja.

Mwanao

26 Aprili

Fundi wangu,

Imefika! Jana saa nne asubuhi, na jasho la dereva wa maji bado limo. Leo nimeuza. Dalali mwenyewe kalichukua, ishirini na mbili, na hakuniuliza limegonga nini kwa kuwa anajua. Karani ni yuleyule. Akaitazama sahihi, akanitazama, akagonga muhuri pa! Nikamwambia leo hatetemeki.

Nilimwambia mtoto kila kitu, tarehe kumi na moja. Nilivunja ahadi yako. Utanigombeza nikifika.

Nakuja na basi la kesho asubuhi. Fedha nimezifunga kwenye kile kitambaa chako cha mistari. Mwambie daktari asiende popote, asiende hata kunywa chai. Zimezidi siku kumi na mbili tu. Mfupa utajuaje tarehe? Jikaze, mke wangu. Kesho.

Dereva wako

5 Mei

Mama yangu,

Gari la maji limekuja bila barua yenu. Nimeushika mfuko nikaumwaga mchangani wote, watu wakaniacha. Sijui kama umepasuliwa. Sijui kama umesimama. Siwezi kumwandikia Baba, nakuandikia wewe.

Fomu ya kwanza ilikuwemo kwenye bahasha. Ya pili haikulowa.

Sikutaka kumwambia Baba hapana. Hajawahi kuniomba kitu, ningeanzaje? Nikaona nisogeze siku, wiki mbili, wiki mbili nyingine, bei ipande, atashukuru mwenyewe. Ya kwanza nilitia hata sahihi, siku ileile, kisha nikaikunja nikaiweka kwenye sanduku la zana chini ya glavu. Ndipo nikamwandikia kwamba haimo. Ningeituma siku ile mngeipata Machi haijaisha.

Nilikuwa nagombania milioni nane, Mama. Na nilimuuliza Baba kuna nini kinachoharibika.

Jana nimeharibu maungio matatu, msimamizi ameniondoa juu ya bomba, napaka rangi. Nimwambie Baba? Niambie wewe nifanye nini. Mimi sijui tena.

Mwanao

11 Mei

Mwanangu,

Niko nyumbani. Usilie kabla hujamaliza kusoma, wino utachafuka.

Daktari aliutazama ule mguu, akaenda kuitazama picha yake dirishani, akakaa huko muda mrefu kwa picha ndogo kama ile. Akarudi akayafungua mawe. Mfupa umeshika. Mguu wa kulia ni mfupi kwa vidole vitatu, goti halikunji vizuri, natembea na magongo. Baba yako alikuwa amesimama pale na kitambaa cha fedha kifuani, anauliza zipelekwe dirisha gani, na daktari anamjibu na yeye hasikii. Akauliza mara nne. Ikabidi mimi nimshike mkono nimtikisie kichwa.

Fedha tumerudi nazo kwenye basi, zimefungwa vilevile.

Sitakudanganya kwamba sikuumia. Barua yako niliisoma nikaiweka chini. Nilikuwa na hasira na wewe, nikawa na hasira na mimi niliyekuficha. Laiti ungejua, ungeituma siku ileile, na hukujua kwa sababu ya nani? Kisha nikainuka nikaichoma jikoni.

Cherehani siwezi kuikanyaga. Juzi baba yako kaingia chini ya meza, kapiga magoti, anakisukuma kile kibao cha miguu kwa mikono yake ili mimi nishone. Nikisema polepole hasikii, nikisema simama hasikii. Tumeshona mfuko mmoja wa shati na umekwenda upande. Lakini kila siku baada ya chai anaingia tena huko chini, nami sina moyo wa kumtoa.

Sasa sikiliza. Wiki ya kwanza alikuwa anajipiga kifua kwamba fomu hakuitia kwenye bahasha, kwamba kanigonga mara mbili. Hali, halali. Nikamwambia niliiona kwa macho yangu, alitia, ni watu wa posta walioipoteza. Siku hiyo nilikuwa wodini, sikuona kitu, lakini hakukumbuka. Tangu hapo anailaani posta asubuhi na jioni, na anakula.

Ukija atakuuliza. Atakuuliza mara nyingi, na atakutazama mdomo kwa sababu hasikii, kwa hiyo useme vizuri. Ya kwanza ilipotea njiani. Ya pili ililowa. Jifunze huko huko kabla hujapanda gari.

Mama yako